Mtu wa Boila Aliyeachwa na Manowari

Sitaki mtu aniambie nilikuwa naota. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, saa nne asubuhi, manyunyu yanatulowesha, watu arobaini mbele yangu na nyuma yangu wengine sikuwahesabu. Mtu anaota akiwa kwenye foleni? Kama unaona inawezekana, achia hapa, kasome kitu kingine. Mimi shule niliishia darasa la tatu kule Uvira, na kutunga sijui. Ninaandika kwa sababu watu wetu wa hapa Durban wanapaswa kujua, maana sina hakika kama yule mtu amekwenda moja kwa moja.

Kwanza mjue taabu yangu. Katika mji huu, yeyote akifungua mdomo kikatoka Kifaransa, analetwa kwangu. Ninauza pale sokoni Warwick: majani ya sombe, samaki wa ndagala, unga wa muhogo, mawese. Mtu wa Togo amepotea? Mpelekeni kwa Gogo, bibi yule wa Congo. Mwanamke wa Gabon amegombana na dereva wa teksi? Gogo. Siku moja wakaniletea mtu wa Haiti. Haiti nitaijulia wapi mimi? Wanadhani Kifaransa ni kijiji kimoja na mimi ndiye chifu wake. Nimesema, nimegomba, nimefukuza watu kwa ufagio. Wanacheka, na kesho wanaleta mwingine.

Basi hata kwenye foleni ya karatasi hawakuniacha. Sisi wenye karatasi za ukimbizi tuna sheria yetu ya foleni, haikuandikwa na serikali yoyote. Ukitaka kwenda chooni, au kununua chai, unamwambia wa nyuma yako: "Unishikie." Akijibu "Nimekushika," imekwisha, atailinda nafasi yako kama yake. Na anatoa jina, linaandikwa kwenye daftari letu, ili ukirudi ujue nafasi yako iko kwa nani. Nimewashikia watu miaka ishirini na miwili. Na kila mara jina ninalotoa ni la Espoir, mjukuu wangu. Kwa nini? Namba ya simu ya Espoir ndiyo iko kwenye faili zangu zote, jina lake ni fupi, na la kwangu kila wakiliandika linatoka namna nyingine. Mazoea tu. Mazoea ndiyo yaliyotaka kuniulia mtoto.

Espoir ana miaka ishirini na sita. Mama yake alikuwa binti yangu wa kwanza, alibaki Uvira, kwenye udongo. Mimi ndiye niliyemvusha mipaka yote ile nikimbeba mgongoni, na hapa Berea tunakaa wawili. Ni mchomelea vyuma, kazi yake iko bandarini, kule wanakotengeneza meli.

Sasa. Saa nne ile, mlinzi wa mlangoni akaja akimvuta mtu kwa mkono wa fulana. "Gogo! Nangu umuntu wakho. Mtu wako huyu, anaongea French."

"Si wangu," nikasema. "Mrudishe ulikomtoa."

Alikwisha kuondoka.

Alikuwa mzungu, hajafika miaka thelathini na tano. Suruali ya bluu pana miguuni, fulana ya mistari, na kofia ya duara yenye kishada chekundu juu. Nikafikiri ni wale wanaovaa nguo za kuchekesha kule ufukweni wapigwe picha na watalii. Kitu kimoja nilikiona, sikukitilia maanani: sisi wote tulikuwa tumelowa, yeye mkavu. Mkavu kabisa, kama nguo iliyotoka sasa hivi chini ya pasi.

"Bonjour, la mère!" akapiga kelele. La mère, ndivyo wanavyomwita mama mzee wa njiani.

"Sina ugonjwa wa masikio. Sema polepole."

"Pardon. Mgonjwa ni mimi. Nyundo zimeniua masikio." Akaitazama foleni mpaka mwisho. "Hii ni ya kupandia meli?"

"Ni ya karatasi."

"Ni sawa. Hakuna meli isiyo na karatasi."

Nikamgeuzia mgongo. Mnadhani alinyamaza? Alisimama pembeni yangu akaanza, na mimi nitakwenda wapi, niache nafasi niliyoilinda tangu saa kumi na moja? Kifaransa chake kilikuwa cha zamani, kama cha mapadri waliotufundisha kuhesabu. Mama nyuma yangu, Mrundi mwenye mtoto kifuani, akaniuliza anasema nini. Nikamwambia: anasema meli.

Alisema alikuwa mjenzi wa manowari. Si zile kubwa nene. Ni ile nyembamba, ndefu, ya kukimbia, inayowinda nyambizi. Waliijenga mdomoni mwa mto mkubwa kwao Ufaransa. Mabamba ya chuma yalishonwa kwa ribiti, ile misumari minene yenye kichwa kama uyoga. Mmoja anaichoma motoni mpaka inawiva nyekundu, anairusha juu kwa koleo, wa pili anaidaka kwa mkebe, anaitia tunduni, na yeye anaipiga nyundo ingali laini ijae tundu lote. Ikipoa haijai. Kutwa nzima hivyo, ribiti mamia, mpaka akilala anasikia nyundo. Siku ya kuishusha majini walipaka njia mafuta ya ng'ombe ili iteleze. Mabibi walikuja na kofia kubwa, wanaume walioijenga walilia kama watoto. Yeye akaipenda hata akaomba kuipanda, wakampa kazi chini, kwenye boila, lile pipa la moto linalotoa mvuke wa kuendesha meli.

"Lakini kuna moja," akaniambia, na hapo akashusha sauti kidogo. "Ribiti moja. Ilikuwa saa ya kula. Ilinifikia imepoa, nami nina njaa. Nikaipiga hivyo hivyo. Mkaguzi akaja na kinyundo chake, akagonga, akasikiliza, akapita. Wakapaka rangi. Iko upande wa kushoto, nyuma ya boila, kimo cha bega langu. Miaka yote niliyofanya kazi mle, zamu yangu ilikuwa kusimama mbele yake."

Nikasema, "Hm." Ungesema nini wewe?

Akaendelea na vita. Nchi yao ilishindwa na Wajerumani, manowari ikakutwa bandarini kwa Waingereza, mabaharia wakagawanyika: wengine wakarudi makwao, wengine wakasema hatukushindwa sisi. Yeye alibaki. Waliwinda nyambizi, wakaizunguka Afrika, wakatia nanga hapa Durban wapate mafuta na maji. "Kesho saa kumi inaondoka," akasema.

Sikushangaa, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kwetu pia kijana atakuambia "tulipowapiga Wabelgiji," kumbe aliyepiga ni babu yake. Nikajua anasimulia ya babu. Mguu uliniuma, manyunyu yaliingia shingoni, mtoto wa yule Mrundi alilia, na huyu sauti yake iko sikioni mwangu kama kengele.

Akasema, "La mère, unishikie nafasi yangu ya boila. Nina shughuli kidogo mjini. Nikirudi utaniachia."

Alisema boila. Nilisikia vizuri. Sitajitetea kwamba sikusikia. Nilitaka aondoke tu, nikajibu kama ninavyojibu kila siku:

"Nimekushika."

"Kwa jina gani?"

"Espoir."

Hakuandika kwenye daftari letu. Alitoa chaki mfukoni, chaki nene, akaandika kwenye bomba la uzio tuliloegemea, herufi kubwa, ESPOIR. "Jina zuri kwa mtu wa boila," akasema. Akaenda zake, na kweli niliona raha. Ndiyo, niliona raha! Mpaka yule Mrundi aliponiuliza, "Mama, harufu ya mafuta ya mashine inatoka wapi?" Nikatazama bomba. Pale aliposhika kwa mkono wake wa kushoto, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nikagusa. Chuma kilikuwa cha moto, na mvua inakinyeshea. Nikafuta jina kwa kitenge, kwa mate, kwa ukucha. Halikufutika.

Nilipofika Warwick mchana nikamwambia MaDlamini, anayeuza dawa za miti kwenye meza ya jirani. Tunasemezana Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake kibovu, na mikono inasaidia. Nilidhani atacheka. Akaweka chini kisu chake.

"Ana kofia yenye kitu chekundu?"

"Unamjua?"

"Eish, Gogo. Mama yangu alimjua. Zamani walikuwa wakimpeleka kwa bibi mmoja wa Morisi aliyeshona nguo kule Berea, kwa sababu ya hiyo French. Yule bibi akimwona anafunga dirisha. Hakumjibu hata siku moja."

"Na aliyemjibu?"

"Kulikuwa na mwanaume wa kiwanda cha kufulia nguo. Alimjibu kwa mzaha." Akaniangalia. "Kiwanda kile kilikuwa na boila, nayo ikampasukia. Wewe ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Ulitoa jina lako?"

Nilifunga meza yangu mchana kweupe, wateja wamesimama, nikaondoka.

Espoir alirudi jioni akiwa anasugua sikio la kushoto. Ananiita Koko, yaani bibi. "Koko, kuna mtu ananigongea nyundo humu ndani tangu saa nne." Alisema hivyo kabla sijamwambia lolote! Nikamweleza yote. Akacheka, kisha akaona uso wangu, akatoa simu yake akatafuta. Alikuta manowari ya namna ile, akanisomea: ilijengwa kule mtoni, ilikuwa kwa Waingereza, ikapita huku kwetu. Mwisho wake haikupigwa na adui. Ilikwenda kukwama mchangani pwani ya Libya, wakashindwa kuitoa, bahari ikaikata vipande viwili. Jina lake ni la mnyama mkali. Alinisomea, na mimi sitaliandika.

"Umesikia?" akasema. "Imekufa zamani sana. Sasa nitafanyaje kazi kwenye meli iliyokufa? Lala, Koko."

"Kesho usiende."

"Kesho tunaingia kwenye tangi la meli, chini kabisa. Nisipokwenda wanampa mtu mwingine nafasi yangu."

Nikampigia pasta. Pasta akasema tufunge siku tatu. Espoir anaingia tangini kesho, mimi nifunge siku tatu! Nilimshukuru, nikakata simu.

Asubuhi alitoka saa kumi na mbili, nami nikatoka nyuma yake kwa teksi nyingine. Getini bandarini mlinzi akasema, "Gogo, bila kadi huingii."

"Mjukuu wangu atakufa humo."

"Anakufa sasa hivi?"

"Bado."

"Basi subiri hapo."

Nilimwambia maneno ambayo mama Mkristo hasemi. Kisha nikaufuata uzio, nikitafuta mahali pa kuona ndani, jua limeshapanda, magari makubwa yananipulizia vumbi. Nikamkuta. Alikuwa anagonga nguzo za uzio moja moja kwa vifundo vya vidole, anaweka sikio, anasikiliza, anakwenda nyingine.

"Weye!" nikaita. "Nirudishie jina la mtoto wangu."

Akageuka akitabasamu. "La mère! Lakini ulinishika. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Sasa nakuachia. Rudi kwenye nafasi yako."

"Sijamaliza shughuli zangu. Meli inaondoka kesho saa kumi."

"Shughuli gani isiyokwisha miaka yote hii? Meli yako imekufa! Ilipanda mchanga huko Libya, ikakatika vipande viwili."

"Haiwezekani. Niliijenga mimi."

"Uliijenga wewe na watu elfu, na imekatika."

Safari hii hakupiga kelele. "Ilikatikia wapi?"

"Sijui."

"Upande wa kushoto? Nyuma ya boila?"

Hapo nikaelewa, na hasira ikanipanda. Huyu hakuachwa na meli. Alijificha mjini makusudi mpaka ikaondoka, kwa kuiogopa ribiti yake, na mtu mwingine akasimama mbele yake kwenye zamu ile. Na tangu hapo kazi yake ni kutafuta watu wa kumsimamia.

"Uliiacha wewe," nikamwambia. "Uliwaacha wenzako na chuma ulichokipiga kibovu."

Hakukataa. Alishika uzio kwa mikono miwili, nikaona rangi inavimba chini ya vidole. "Mama," akasema, si la mère tena, "niambie ribiti ilishika. Sema tu ilishika. Nitakwenda, na mtoto wako namwachia."

Neno moja. Ng'ambo ya uzio niliiona meli imepandishwa juu pakavu, na Espoir wangu yuko tumboni mwake. Nani angejua? Nani angenilaumu? Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini jana yake nilikwisha kumjibu huyu huyu neno jepesi ili aniondokee, na neno lile ndilo lililonileta pale. Na je, akifika akakuta si kweli? Atamrudia nani?

"Sijui," nikasema. "Hakuna anayejua. Ribiti yako iko chini ya bahari. Nenda ukaitazame mwenyewe."

"Ninaogopa."

"Basi ogopa. Lakini uende. Mjukuu wangu hakuipiga ile ribiti."

Gari kubwa lilipita nyuma yangu likapiga honi, sikugeuka. Mwishowe akavua kofia yake, akaikunja, akaitia kifuani. Uzio haukumzuia, wala sikuona alivyoupita. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingo wa gati. Hakuruka. Alishuka kama mtu anayeshuka ngazi ya meli, kinyumenyume, mikono imeshika kitu ambacho mimi sikukiona, mpaka kichwa kikazama. Maji hayakufanya hata duara.

Nikasikia king'ora.

Walimtoa Espoir kwenye tangi wamembeba watu watatu. Kifua hakipandi. Mlinzi yule yule wa kadi alifungua geti mwenyewe, akanishika mkono, tukakimbia. Nilipofika walikuwa wanambonyeza kifua. Wenzake walisema hewa ilipimwa, ilikuwa safi, hakuna aliyeona kosa. Alipiga kelele tu kwamba kuna joto, kuna joto la boila, akaanguka. Meli ile boila yake ilikuwa baridi wiki mbili. Nilipiga magoti kwenye mafuta na kutu nikamwita kwa majina yake yote. Akakohoa. Kwanza akatema kitu cheusi kizito, kinanuka mafuta ya mashine, kisha akavuta pumzi.

Yuko hai. Namshukuru Mungu kwa hilo, msione nanung'unika. Lakini sikio lake la kushoto halisikii tena. Daktari amelitazama mara tatu na taa, anasema ni zima, halina kitu. Bandarini hakurudi. Sasa anatengeneza mageti ya nyumba za watu kule Pinetown, nje, chini ya jua, na chumba kisicho na dirisha haingii. Anakula kwangu, ananisalimu, ananibebea magunia. Ila siku moja, tukiosha vyombo, aliniuliza bila hasira: "Koko, kwa nini ulitoa jina langu, hukutoa la kwako?"

Nilimwambia habari ya namba ya simu. Akasema, "Sawa, Koko." Lakini sikio lile linalosikia alikuwa ameligeuzia upande mwingine.

Kwa hiyo nawaambia, hasa ninyi mnaopenda kusaidia ili watu wawaondokee. Mtu akiwasemesha kwa lugha ya kwenu katika mji wa ugenini, msilegee kwa utamu wake. Muulizeni ametoka wapi na anakwenda wapi kabla hamjajibu lolote. Akiomba mumshikie, mtazameni nguo kama zimelowa mlivyolowa ninyi. Na kama ni lazima kumshikia, toeni jina lenu. Siyo la mtoto, siyo la mke, siyo la yule ambaye jina lake ni rahisi kuandika.

Mimi foleni bado ninakwenda, nitafanyaje? Daftari likinifikia ninachukua kalamu mwenyewe. Jina langu ni refu, na mkono wangu ni mzito, ninaandika yote matatu herufi kwa herufi. Nyuma yangu wanasonya, wanasema bibi harakisha. Wangoje.